Shajara ya mradi: C1 na C4 kabla ya Novemba, nikiwa kazini

Mwisho wa Juni

Mradi wenyewe ni huu. Zimebaki pepa mbili za ngazi ya mwisho ya CPA, mitihani ya kitaaluma ya uhasibu: C1, ya taarifa za fedha za makampuni, na C4, ya kodi. Mtihani ni wa Novemba, wa NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kazini mimi ndiye mhasibu pekee wa kampuni inayoagiza vipuri vya magari na kuviuza kwa jumla Kariakoo, na mwaka wetu wa hesabu unaisha 31 Desemba. Nakaa Kimara na mume na watoto wawili.

Ratiba ninazoonyeshwa na watu nyingi zinaanzia kwenye kitabu. Hesabu sura, hesabu wiki, gawanya, halafu jiahidi saa mbili kila usiku Jumatatu hadi Ijumaa. Aliyeziandika hajakaa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, iliyogoma saa kumi na moja jioni ya tarehe 19. Mwezi wa mhasibu hauna wiki nne zinazofanana, na ukizipanga kana kwamba zinafanana, tarehe 7 ya kwanza tu ratiba imekufa na wewe umeshaanza kujiona mvivu.

Kwa hiyo nimeanza na kalenda ya ofisi. Nimechukua ile ya ukutani tuliyopewa na wauza matairi, nikapaka nyekundu. Tarehe 7 kila mwezi: PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya mwajiri ya kuendeleza ufundi) na kodi ya zuio (inayokatwa kabla ya kumlipa mtu) ya mwezi uliopita. Tarehe 20: ritani, yaani taarifa, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kuanzia tarehe 29 hivi hadi 3: kufunga mwezi, usuluhisho wa benki, kuhesabu stoku. Tarehe 30 Septemba: awamu ya tatu ya kodi ya mapato kwa makadirio. Wiki hii tuliyomo ni nyekundu yote, maana 30 Juni inakuja na awamu ya pili pamoja na ritani ya mwaka jana kwa sisi tunaofunga Desemba. Sijapanga kusoma hata ukurasa.

Nyekundu ikishakaa, nyeupe inajionyesha yenyewe. Kuna dirisha dogo la kuanzia tarehe 8 hadi 16, na dirisha kubwa la tarehe 21 hadi 28. Kila kinachohitaji kichwa kilichotulia kinaingia dirisha kubwa: kuunganisha hesabu za kundi la makampuni, kodi iliyoahirishwa, mikopo na dhamana za IFRS 9, moja ya viwango vya kimataifa vya uhasibu. Dirisha dogo ni la C4. Kwenye nyekundu hakuna lengo la kurasa kabisa, ni maswali mafupi tu kwenye basi la mwendokasi.

Watu wameniuliza kwa nini sikukimbilia mtihani wa Mei. Kwa anayefunga Desemba, Mei ni mtego. Wakaguzi wa nje wako mezani kwako tangu Februari wakidai vielelezo, tarehe 31 Machi unapeleka makadirio ya mwaka na awamu ya kwanza, na ukiinua kichwa unakuta mtihani umefika. Novemba ina Septemba 30 tu ya kuogopa.

Julai, baada ya Sabasaba

Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, sikukuu, na ni siku ya PAYE. Nililipa mapema na kufaili mapema, nikapata siku nzima ya bure ambayo wenzangu wanaipeleka viwanja vya maonesho. Nimeipeleka kwenye Sheria ya Fedha.

Hapa kuna jambo ambalo wanaojiandaa na C4 nusunusu hawalioni mpaka waumie. Sheria ya Fedha inabadilika kila tarehe 1 Julai, na mitihani iliyopita, pamoja na majibu yake yanayotolewa na Bodi, inabaki na viwango vya wakati wake. Ukifanya pepa ya 2022 utakuta SDL asilimia 4. Julai 2023 ikashushwa hadi 3.5. Ukirudi nyuma zaidi, kabla ya Julai 2021, utakuta daraja la chini la PAYE lilikuwa asilimia 9 badala ya 8. Kiwango cha mauzo kinacholazimisha kusajiliwa VAT kilikuwa shilingi milioni 100, kikapandishwa 2023 hadi milioni 200. Mtu anakariri jibu zuri kabisa lililokwisha muda wake.

Nilichofanya: nimechapa ukurasa mmoja wa viwango vya sasa, nikaubandika ndani ya jalada la daftari. Kila pepa ya zamani ninayoifanya, nasoma swali, nafunika jibu, nakokotoa kwa viwango vya leo, kisha nalinganisha *njia* na jibu lao. Tarakimu ya mwisho nawaachia wao. Inachukua muda zaidi lakini inafundisha sheria na swali kwa pamoja.

Kuhusu sheria zenyewe: Sheria ya Kodi ya Mapato Sura 332, ya VAT Sura 148, ya Usimamizi wa Kodi Sura 438. Hii ya tatu ndiyo watu huiruka. Ofisini tuna faili la zamani, la kabla sijaajiriwa, la pingamizi dhidi ya makadirio ya kodi. Nimelitoa kabatini nikalisoma jioni mbili kama hadithi. Mle ndani mna kila kitu: barua ya makadirio, siku 30 za kupinga, malipo ya theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisicho na ubishi, kipi ni kikubwa, ndipo pingamizi lipokelewe. Halafu majibu ya Kamishna, na njia ya kwenda Bodi ya Rufani za Kodi kama hujaridhika, kisha Baraza, kisha Mahakama ya Rufani. Darasani nilisikia mpangilio huo mara nyingi usikae. Kwenye faili lenye mihuri na chai iliyomwagikia pembeni, umekaa.

Julai, dirisha kubwa

Nimeongea na tajiri, mwenye kampuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, akanikata.

"Mama, wewe unataka nini, pesa ya ada au muda?"

"Muda, mzee. Ada nimeshalipa."

"Muda gani?"

Nikamwonyesha kalenda. Nikamwomba mambo mawili: kuanzia tarehe 21 hadi 28 nitoke saa kumi jioni badala ya saa kumi na mbili, na likizo yangu iliyobaki niichukue kuanzia 21 Oktoba. Likizo ya sheria ni siku 28 kwa mwaka, nusu nilikwishaitumia. Aliitazama kalenda muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaweka kidole kwenye 20.

"Hii usiiguse."

"Siigusi, mzee. Ndiyo maana naanza tarehe 21."

Akakubali. Nadhani kilichomshawishi ni kwamba siku zake zote za kodi zilikuwa pale zimepakwa nyekundu kabla hajazitaja. Kwa anayetaka kuomba muda kazini, namshauri apeleke kalenda ya mwajiri, ya kitabu aiache nyumbani.

Nyumbani mazungumzo yalikuwa marefu zaidi na hayakuhitaji karatasi. Matokeo: nalala saa tatu na nusu na watoto, naamka saa kumi alfajiri. Usiku nilishaukataa. Baada ya siku nzima ya ankara, macho yanasoma na kichwa hakipo. Alfajiri kuna saa moja na nusu ya kweli kabla chai haijawekwa jikoni.

Agosti

Mwezi mzuri. Nanenane ilikuwa siku nzima ya C1.

Niandike kidogo kuhusu IFRS 16, kiwango cha uhasibu wa pango, maana ndipo kazi na masomo vilipokutana vizuri. Vitabu karibu vyote vinaanza na mfano wa mpangaji anayelipa pango mwisho wa mwaka. Sijui wanapanga wapi. Hapa mwenye jengo anataka chake mbele, miezi sita au mwaka, ndipo akupe funguo. Nikachukua mkataba wa godauni letu la Vingunguti, nikabadilisha tarakimu ili siri ya ofisi ibaki ofisini, nikajitungia swali: miaka 3, pango milioni 24 kwa mwaka, linalipwa mwanzo wa kila mwaka, riba asilimia 15.

Kwa mtindo wa kitabu, malipo mwisho wa mwaka, deni la siku ya kwanza ni 24 mara 2.2832 (kigezo cha kuleta malipo matatu kwenye thamani ya leo kwa riba hiyo), yaani milioni 54.8. Kwa mtindo wetu, malipo ya kwanza yameshatoka siku ileile, hivyo deni linabeba mawili tu yaliyobaki: 24 mara 1.6257, milioni 39.02. Haki ya kutumia jengo inaandikwa kama mali kwa 39.02 kuongeza 24 iliyokwishalipwa, milioni 63.02. Uchakavu milioni 21 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni asilimia 15 ya 39.02, milioni 5.85. Jumla ya gharama mwaka wa kwanza ni karibu milioni 26.9 ilhali mfukoni imetoka 24. Nilipoliona hilo kwa godauni ambalo nalijua mpaka harufu yake, sikuhitaji tena kukariri kwa nini mwaka wa kwanza huwa mzito na wa mwisho mwepesi.

Kampuni yetu yenyewe haifanyi hivyo. Tunafuata IFRS ya kampuni ndogo na za kati, na huko pango la namna hii linabaki gharama ya kila mwaka. Mtu akizoea vitabu vya ofisini tu anaweza kuingia C1 na jibu sahihi la sheria nyingine. Na kwa upande wa C4, pango lilelile lina kodi ya zuio asilimia 10: mwenye jengo anapokea 21.6, milioni 2.4 inakwenda TRA, mamlaka ya mapato, ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mkataba mmoja, pepa mbili.

Tangu hapo nimeanza kukagua droo za ofisi kwa jicho hilo. Mkopo wa benki wa kununulia kontena: IFRS 9. Vipuri vya modeli ambazo hazipo tena barabarani: IAS 2, thamani inayoweza kupatikana sokoni. Kesi na msafirishaji aliyechelewesha mzigo: IAS 37, madeni na madai yasiyo na uhakika. Nasoma kiwango asubuhi, nakiona mchana.

Diskasheni ya Jumamosi, yaani kikundi chetu cha kusoma, inaendelea, pale Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi. Tuko wanne. Sharti letu ni moja: huji kama huna swali ulilolifanya mwenyewe kwa kalamu, na unalitetea mbele za watu. Wiki ya kwanza kulikuwa na mtu wa tano, alikuja na simu yenye video za mafunzo na maswali ya "hivi hii ikoje". Hakurudi, na sikusikitika sana. Kutazama mtu akikokotoa kunaleta raha ileile ya kutazama mtu akipika, na tumbo linabaki tupu.

Mmoja wetu ni mhasibu wa halmashauri. Aliomba nakala ya kalenda yangu, nikamtumia picha, baada ya siku mbili akanipigia akicheka. Haimfai hata kidogo. Mwaka wa serikali unaisha 30 Juni, na hesabu za mwisho zinatakiwa kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndani ya miezi mitatu, yaani hadi 30 Septemba. Julai, Agosti na Septemba zangu nyeupe kwake ni nyekundu tupu. Hana haja na VAT ya tarehe 20, ila ana IPSAS, viwango vya uhasibu vya serikali, na viambatisho visivyoisha. Tukachora yake upya: kasoma kuanzia Aprili, Septemba anapumua tu, Oktoba anarudia kwa kasi. Mtu wa serikali anayesoma kwa ajili ya Novemba lazima aanze mapema kuliko sisi wa Kariakoo, na kwake Mei ndiyo ingekuwa rahisi. Alisajili Novemba kwa sababu marafiki zake wamesajili Novemba.

Septemba

Dirisha dogo limekwenda na maji. Mtoto mdogo kaumwa, nimeshinda hospitali. Sikuhamisha chochote kwenda wiki ya VAT. Nimekata sura mbili za C4 ambazo najua kazini, kodi ya zuio na PAYE, nikaziacha kwa maswali ya basi.

Mwendokasi: nikifika Kimara mwisho kabla ya saa kumi na mbili asubuhi napata kiti hadi Gerezani. Nikichelewa nasimama, na ukisimama huwezi kushika kalamu. Kwa hiyo maswali ya basi ni ya aina moja tu, yale ya kujibu kichwani: hili ni pato la nini, lina zuio asilimia ngapi, nani anawajibika kulipa, lini. Nimeyaandika kwenye simu, jibu liko chini mbali ili lisionekane bila kusogeza.

Dirisha kubwa: makampuni mama na tanzu, kwa saa. Mtihani una alama 100 kwa saa 3 za kuandika, dakika 180, hivyo kila alama ina dakika 1.8. Swali la alama 20 ni dakika 36. La 40 ni dakika 72. Nimeweka saa ya jikoni, ile ya kelele, juu ya meza.

Nilichojifunza kwa saa ile ni wapi dakika zinaliwa. Gudwili, ile bei iliyolipwa juu ya thamani ya mali halisi za tanzu, naimaliza haraka. Kugawa faida ya mwaka pale tanzu iliponunuliwa katikati, tuseme 1 Aprili, nayo iko sawa: miezi 9 kati ya 12. Zinaliwa kwenye faida iliyobaki ndani ya stoku. Mfano: tanzu imemuuzia mama bidhaa za milioni 60, kwa nyongeza ya asilimia 25 juu ya gharama, nusu bado ziko ghalani. Faida iliyolala humo ni 30 mara 25 gawanya kwa 125, milioni 6. Hesabu ni ya sekunde. Kinachokula muda ni kuamua inamkata nani. Aliyeuza ni tanzu, kwa hiyo mama mwenye asilimia 80 anabeba 4.8 na wanahisa wachache 1.2. Angeuza mama, yote 6 ingekuwa ya mama. Sasa kabla ya kugusa kikokotoo naandika juu ya ukurasa neno moja, "MUUZAJI", nalizungushia duara, najibu, naendelea. Swali la 40 limeanza kuingia ndani ya dakika zake.

Ripoti za watahini za NBAA nazisoma mwezi huu wote, kurasa chache kila alfajiri kabla ya swali. Sishangai tena watu wenye uzoefu wa ofisi kuanguka. Ofisini programu inabeba kazi ya mpangilio. Kwenye karatasi unatakiwa uonyeshe hesabu za kando, uzipe namba, na uandike kwa Kiingereza kilichonyooka kwa nini umefanya ulichofanya. Mhasibu wa miaka kumi anaweza kuwa hajaandika aya moja ya maelezo kwa mkono tangu chuo. Nimeanza kuandika aya moja kila siku, kwa kalamu, hata siku nyekundu. Mkono wenyewe ulikuwa unauma.

30 Septemba imelipwa tarehe 27.

Oktoba

Tarehe 14, Nyerere Day, pepa nzima ya C4 chini ya saa, Maktaba imefungwa kwa hiyo chumba cha kulala, mlango umefungwa kwa ndani. Mume kawapeleka watoto kwa bibi yao Mbagala. Nimeshindwa kumaliza swali la mwisho kwa muda mdogo tu. VAT ya huduma zinazoagizwa nje imenichelewesha, hiyo inarudi mezani.

VAT ya Septemba imefailiwa tarehe 18.

Tatizo la Novemba nililiona tangu Juni: mtihani unaangukia mwanzoni mwa mwezi, yaani mapajani mwa tarehe 7. Mishahara ya Oktoba tumeilipa mapema, nikaandaa PAYE, SDL na zuio kabla ya kuondoka, kila namba ya malipo kwenye bahasha yake, na kijana wa mauzo amefundishwa kubonyeza na kutuma. Tumefanya naye mazoezi mara mbili. Tajiri alisimama nyuma yetu akitazama, akasema kumbe kazi yenyewe ni kubonyeza tu. Nikamwacha na imani hiyo hadi nirudi.

Likizo yenyewe haina kitu kipya ndani yake. Hakuna sura mpya baada ya tarehe 21, huo ndio uamuzi. Asubuhi pepa moja kwa saa, mchana kusahihisha, jioni ni ya watoto. Rivyu za jioni za Posta nimezikataa. Wenzangu wawili wanakwenda na wanasifu, lakini kwenda na kurudi Kimara kunakula muda wa swali zima la alama 40, na mwalimu anafundisha kwa mwendo wa darasa.

Novemba

C1 imefanyika. Swali la kundi la makampuni limekaa ndani ya muda wake. Kulikuwa na la pango pia, malipo mwisho wa mwaka kama kawaida yao.

C4 imefanyika. Nimemaliza maswali yote, kwa mwandiko ambao namwonea huruma mtahini.

PAYE ilikwenda tarehe 6. Simu moja tu kutoka ofisini, ya kuuliza ufunguo wa kabati la risiti uko wapi.

Kijana wa mauzo ameniambia anataka kuanza mitihani ya Bodi Mei. Tumekaa na kalenda mpya ya mwaka kesho, safari hii ya wauza betri. Yeye hafungi mwezi, kwa hiyo tarehe 7 na 20 hazimhusu sana, lakini stoku ya 31 Desemba anaihesabu yeye, na makontena mengi huingia Februari na Machi. Nimempa kalamu nyekundu apake mwenyewe. Mimi nina VAT ya Oktoba ya kufaili wiki hii.